Kaa wa Mtoni Jikoni kwa Mama

Shombo la kaa wa mtoni si kama shombo la samaki. Samaki ananuka maji, na ukimpaka ndimu na chumvi mnaelewana. Kaa wa mtoni ananuka tope lililolala chini ya maji mwaka mzima, ananuka majani yaliyooza, na nyuma ya hayo kuna harufu nyingine ya ndani zaidi, kama ya kidonda kilichofungwa kitambaa kikasahauliwa. Harufu hiyo haitoki mikononi kwa sabuni. Inaingia chini ya kucha, inapanda kwenye mikono ya sweta, na kwa kuwa Makambako wakati wa kipupwe sweta haikauki hata ukiianika juani kutwa nzima, unalala nayo, unaamka nayo, unaingia nayo darasani. Nina watoto sasa, nina nyumba yangu Njombe mjini, lakini kipupwe kikianza na upepo ukaanza kupiga mabati, pua yangu inaikumbuka harufu ile kabla sijakumbuka kitu kingine chochote.

Nilikuwa darasa la nne. Tuliishi Kitandililo, pale ambapo nyumba za Makambako zinaanza kuachana, na mashamba ya mahindi yanasogea mpaka mlangoni. Baba alikuwa Mbena wa Wanging'ombe, dereva wa lori la mbao, mtu wa kuondoka na kurudi. Mama alikuwa Mkinga wa Makete. Alikulia kule juu karibu na Kitulo, kwenye baridi kali na nyasi fupi, akashuka na kuwa muuza vitenge sokoni Makambako. Sijapata kuona mtu msafi kama mama yangu wa miaka ile. Sufuria zake alizisugua kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona sura, akazitundika ukutani kwa ukubwa wake. Kumbikumbi hakula. Senene hakula. Utumbo wa mbuzi aliuosha mara nyingi hata ukakosa ladha, kisha akawaachia wengine. Akikuta nywele kwenye mboga, mboga yote inamwagwa.

Mwaka huo Bibi, mama yake Baba, aliugua homa ya mapafu kijijini. Akalazwa, akatibiwa, na aliporuhusiwa Baba akaona asirudi kwanza Wanging'ombe, aje kwetu apate nguvu. Alipopakatwa kushushwa kwenye gari niliona miguu yake ikining'inia, myembamba kama mipini ya majembe. Daktari alikuwa amesema dawa zimefanya kazi yake, kilichobaki ni kula. Basi Mama akaanza kupika. Alipika uji wa ulezi wenye maziwa, alichinja kuku akatoa supu, aliponda viazi mviringo kwa siagi. Bibi alikuwa akipokea kijiko cha kwanza, anakizungusha mdomoni, anakimeza kwa shida, halafu anafunga midomo.

"Kila kitu kina ladha ya majivu," alikuwa akisema.

Wawili hawa hawakuwa wanapendana, na nyumba nzima tulijua. Bibi alikuwa na msichana wake wa Kibena aliyemchagulia Baba, binti wa mzee wa kanisa, na Baba akaleta Mkinga wa sokoni. Hakuwahi kumtukana Mama. Alimsifu kwa namna yake. Alisema Wakinga wanapika haraka kama watu wanaowahi basi. Alisema nyumba ya mkwewe ni safi mno, hata panya akiingia anajisikia mgeni. Mama alikuwa anajibu, "Ndiyo, Mama," na kuendelea kusugua. Kwa hiyo Bibi alipokuwa akikataa chakula, Mama hakuona mgonjwa asiye na hamu. Aliona mkono wake ukikataliwa, sahani baada ya sahani.

Baba aliporudi kutoka safari alimkuta mama yake amepungua zaidi. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, niambie unataka nini. Chochote."

Bibi akamgeukia. "Nataka kaa wa mtoni," akasema. "Wale tuliokuwa tunakula wewe ukiwa mdogo, bustanini kule bondeni."

Baba alicheka kwa furaha kama mtoto. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa, hakucheka. Alikitua kikombe mezani polepole na kutoka nje.

Jumamosi Baba akanichukua tukaenda kijitoni, chini kabisa ya mashamba, kwenye bustani za bondeni ambako watu hulima mboga wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa. Ukingoni kulikuwa na mashimo, mengine mdomo wake mpana kama kikombe, na mbele ya kila shimo vidonge vya tope vilivyotemwa kutoka ndani. Baba alikunja suruali, akalala kifudifudi kwenye majani, akazamisha mkono shimoni mpaka begani. Uso wake ulikuwa umegeukia kwangu, shavu likiwa kwenye tope, akipapasa kitu nisichokiona. Kisha akasema "Aa!" na kuvuta. Kaa alikuwa amemng'ang'ania kidole kwa gando moja, mweusi wa kikahawia, mpana kama kiganja changu, amepakwa ute, macho yake mawili yakiwa juu ya vijiti kama yameazimwa kwa mnyama mwingine. Kutoka mdomoni alikuwa akitoa povu, na povu lile lilikuwa linapasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona akiwa na mate mengi. Nywele zilinisimama. Sikuwahi kujua kwamba kitu kinaweza kunichukiza hata kabla hakijanigusa.

Alimtupa kwenye ndoo, na ndoo ikaanza kukwaruza. Kila aliyeongezwa alipanda juu ya wenzake, nao wakamshusha, na kucha zao kwenye plastiki zilikuwa zinanipitia kwenye meno. Mmoja Baba alimgeuza akanionyesha tumbo. Kaa jike ana kama kifuniko pale tumboni, na Baba alipokiinua kwa ukucha niliona kuna kaa wadogo wamejaa ndani, kila mmoja mkubwa kidogo kuliko punje ya ulezi, wakitembea wote kwa pamoja, wakipanda wakishuka, kama uji unaoanza kuchemka. Nilipiga kelele nikakimbilia kwenye mabua.

"Huyu ni mzazi," Baba alisema, na akamrudisha majini kwa upole. "Huyu haliwi."

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa anatusubiri mlangoni mwa jiko, ameshika fimbo ya ufagio.

"Baba Faraja," alisema, "hao wadudu hawaingii humu."

"Si wadudu, ni kitoweo."

"Hawaingii."

Mama alikuwa Mlutheri aliyekula nyama ya nguruwe kila Krismasi na kulamba vidole, lakini siku hiyo akakumbuka sheria zote za vyakula najisi, akawataja mmoja mmoja wanyama waliokatazwa. Mwisho walikubaliana hivi: kaa watapikwa nje, nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu karibu na ua wa miti ya miwati, atakayewapika ni mimi, na itatumika sufuria moja ya zamani iliyobonyea, ambayo Mama aliifunga kitambaa chekundu kwenye mpini wake isije ikachanganyika na nyingine. Baada ya siku ile sufuria hiyo haikurudi ukutani tena. Ililala nje, na hata mbwa wa jirani alikuwa akiinusa na kuondoka.

Baba alinifundisha mara moja kabla hajaondoka na lori. Maji yakichemka unawamwaga wote kwa pamoja na kufunika haraka, na unashikilia kifuniko kwa gogo kwa sababu wanakisukuma. Ilikuwa inachukua muda mfupi tu, lakini kwangu ulikuwa muda mrefu, kusikia makucha chini ya bati yakipiga, yakipungua, yakinyamaza. Ukifunua, ule weusi umegeuka rangi ya chungwa chafu. Juu ya maji kuna povu la kijivu ambalo lazima uliengue na kulimwaga, na pale lilipomwagwa nzi walikuwa wanakuja hata katika baridi ya Juni ambayo nzi hawaonekani.

Halafu ilikuwa zamu ya Bibi. Tulimweka juani, mgongo kwenye ukuta, blanketi miguuni, bakuli mapajani. Meno yake yalikuwa yamebaki machache, mbele na upande mmoja, lakini yale machache yalijua kazi. Alivunja miguu na kuifyonza, na sauti ya kule kufyonza niliisikia hata nilipoziba masikio. Alibandua gamba la mgongo, na ndani yake mlikuwa na kitu laini cha rangi ya haradali, ambacho alikikomba kwa kidole na kukilamba akiwa amefumba macho. Mchuzi ulishuka mpaka kwenye kiwiko, akaufuata kwa ulimi.

"Onja, mjukuu wangu," aliniambia, akaninyooshea mguu uliovunjwa.

Kukataa kitu alichonipa Bibi kwa mkono wake lilikuwa jambo gumu. Nikauweka mdomoni. Kwanza nilisikia mchanga. Kisha ukaja utamu mdogo, utamu ulionitisha kwa sababu sikuutarajia, halafu nyuzinyuzi zikaachana ulimini kama kitu kilicho hai, na kile kishombo kikapanda puani kutokea ndani. Nikatema kwenye majani. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akapigapiga kifua, akacheka tena. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu aletwe. Bakuli lilikuwa limebaki magamba matupu.

Basi nikawa mvuvi wa kaa. Nilikuwa nikitoka shule nashuka bondeni na ndoo, nikijifunga kitambaa mkononi, nikiingiza mkono kwenye mashimo huku nimegeuza uso na kufumba macho. Niliumwa mara nyingi. Lakini kuumwa kulikuwa afadhali kuliko kule kupapasa, kule kungoja gizani mwa shimo kitu chenye ute kikutane na vidole vyangu. Shuleni msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja aliomba ahamishwe. Wakanipa jina la Kaa, na mwalimu akisema "kaa chini" darasa zima lilikuwa linanigeukia. Nyumbani nililalamika kwa Mama. Nilidhani yeye, kuliko wote, atanielewa na kuukomesha mchezo ule. Alininusa mikono, akageuza uso, akanipa kipande cha ndimu na sabuni ya mche. "Anakula?" akaniuliza. Nikasema anakula. "Basi nenda kachote wengine."

Bibi alianza kupata rangi. Akaanza kukaa mwenyewe. Akaanza hata kumsema Mama, jambo lililotufanya tujue kwamba anapona. Kisha siku moja kipande cha gamba kikamchoma kwenye ufizi. Hakusema. Alipokuja kusema, shavu lilikuwa limevimba na mdomo wenyewe umeanza kunuka. Mama alimpeleka zahanati, muuguzi akakitoa kile kipande, akasafisha usaha, akatoa dawa na kusema mgonjwa ale vitu laini. Uji ukarudi. Na uji uliporudi, Bibi akafunga midomo tena.

Nilijaribu. Nilitwanga kaa kwa jiwe mpaka wakawa ugali wa kijivu, nikachuja kwa vidole, lakini vipande vya gamba vilikuwa vidogo kama mchanga na havikuonekana. Bibi aliweka mdomoni, akakunja uso, akatema. Mate yalikuwa na damu. Akanisukuma mkono na kugeukia ukutani. Siku zilizofuata hata supu ya kaa aliiacha, akisema maji matupu ni ya kuoshea vyombo. Macho yake yalirudi ndani. Ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Mama alimpigia Baba simu, nikasikia sauti ya Baba ikikatika, lori limeharibika, yuko njiani, yuko njiani. Mama aliikata simu na kukaa nayo mapajani muda mrefu.

Jioni ya siku iliyofuata alirudi mapema kutoka sokoni. Alikuwa bado amevaa kitenge chake cha dukani, kile kizuri cha kuvutia wateja. Mimi nilikuwa nimepika kaa kwa mazoea tu, bila matumaini, na sufuria ilikuwa inafuka moshi mwembamba. Bibi alikuwa pale ukutani, kichwa kimeangukia bega. Mama alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yao yakigusana.

"Faraja, lete hao wadudu."

Sikuelewa. "Wadudu gani, Mama?"

"Unawajua."

Nikaleta. Mama alimchukua mmoja kwa ncha za vidole viwili. Alimvunja, akachungulia nyama iliyojificha kwenye vyumba vyake vidogo vya gamba, na akajaribu kuitoa kwa ukucha, lakini ilikuwa inatoka na gamba. Alijaribu tena. Kisha alivuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akaweka mdomoni, akatafuna.

Nimewahi kumwona mama yangu akizaa, kwa kuwa mdogo wetu wa mwisho hakungoja hospitali. Nimemwona akizika wazazi wake. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa namna ile. Machozi yalitoka bila kulia. Shingo ilikuwa inaruka, kifua kinapanda, na kila kilipopanda alikuwa anafumba macho na kusubiri kishuke, halafu anaendelea. Alitafuna polepole, akitafuta magamba kwa ulimi, akiyatema moja moja kwenye kiganja cha kushoto, makombo meupe na ya chungwa yaliyochanganyika na mate yake. Mate yalimjaa akashindwa kuyameza, yakashuka kidevuni, na yeye ambaye hakuwahi kutokeza mlangoni bila kujifuta uso aliyaacha yashuke. Alipohakikisha hakuna gamba lililobaki, alitoa kile kidonge cha nyama kwa vidole na kukisogeza kwenye midomo ya mkwewe. Mimi nikaona kile kidonge, cha kijivu, chenye ute unaovutika mpaka kwenye midomo ya Mama.

Bibi alimtazama. Nilijua atatema. Kaa ni kaa, lakini hiki kilikuwa kimetoka katika mdomo wa Mkinga. Alimtazama Mama, macho yake, kidevu chake kilicholowa, kitenge kilichodondokewa mchuzi. Akafungua mdomo. Akameza.

"Chumvi haitoshi," akasema.

"Nitaongeza, Mama," Mama akajibu, na sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia. Akachukua mwingine.

Bakuli lilipoisha, Mama alisimama, akajinyoosha kitenge, akatembea bila haraka mpaka nyuma ya ua wa miwati. Nilimsikia akitapika. Alitapika mpaka hakukuwa na kitu tena na bado akaendelea, sauti tupu, kama mtu anayevutwa kamba kutoka tumboni. Bibi naye alisikia. Alikuwa anaangalia mikono yake mapajani. Mama aliporudi alikuwa amesukutua kwa maji ya chumvi, na uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Kesho ulete wakubwa," aliniambia. "Hawa wadogo ni gamba tupu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka ufizi ulipopona. Kila jioni alikuwa akitoka sokoni, akiketi, akitafuna, akilisha, akienda nyuma ya ua. Hakuzoea. Watu husema mtu huzoea, lakini mimi nilikuwepo, na siku ya mwisho alitapika kama siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nageukia upande mwingine. Mara mbili tatu nilitapika pamoja naye, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu.

Baba alipofika alimkuta mama yake akitembea na fimbo mpaka barabarani, akiwasalimia wapita njia "kamwene" kwa sauti ya kuamrisha. Mwezi wa nane tulimrudisha Wanging'ombe. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kumpokea, wamejaa sebuleni na khanga zao safi, na Bibi akiwa katikati akawatangazia, "Huyu mkwe wangu alinitafunia kaa kwa meno yake mwenyewe, akanilisha kama kifaranga!" Wote wakamgeukia Mama, wakamwangalia mdomo. Najua alitamani ardhi ipasuke. Kwake ile ilikuwa aibu aliyoifanya nyuma ya nyumba, na sasa ilikuwa imeanikwa mbele ya watu wenye soda mikononi. Bibi aliirudia hadithi ile kila alipopata msikilizaji, miaka yote aliyoishi baada ya hapo, na hakumsifia tena kupika haraka wala panya mgeni.

Lile bonde la Kitandililo nililipita mwaka huu. Upande mmoja ni parachichi tupu, mistari iliyonyooka yenye mabomba, na kijito kimekuwa chembamba kiasi cha kurukwa. Mashimo ya kaa sikuyaona, na sikuyatafuta. Ukweli ni kwamba nilifurahi kwa kutoyaona, kisha nikaionea aibu furaha yangu. Dar nilialikwa harusini kwenye hoteli, wakaletewa watu kaa wa baharini kwenye sahani pana, na koleo za kuvunjia, na bakuli la maji yenye ndimu la kunawia. Wenzangu walipiga picha. Mimi niliomba kuku. Mama mkwe wangu yuko Ludewa, ni mzee, na simwachi na njaa: ninamtumia pesa kwa simu kila mwezi, nimemwekea binti wa kumpikia, na akipungua hamu ya kula nauliza duka la dawa wana unga gani mzuri wa lishe. Hakuna jambo nisilomtendea. Sijawahi kumgusa midomo.

Juzi nilimpeleka binti yangu wa chekechea kumsalimia Mama kule Makambako. Shule yao imechorwa ukutani wanyama wa baharini, sijui kwa nini, sisi tuliokaa juu ya milima hii, na katikati yuko kaa mwekundu mwenye kope ndefu anayetabasamu. Mtoto alikuwa amemchora kwenye karatasi na kumpaka rangi, akamwekea bibi yake mapajani pale dukani, juu ya vitenge. Mama alivaa miwani. Niliona shingo yake ikiruka mara moja, kidogo tu, akaisogeza karatasi isiguse nguo.

"Bibi, huyu analiwa?"

"Analiwa."

"Ni mtamu?"

Mama alivua miwani. Kisha akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Mimi sikuwahi kummeza."